Mafundo Kumi ya Muzee wa Reli

Nilifungua mafundo kumi, moja baada ya jingine, na pale vidole viliposhindwa nilitumia meno. Nilipomaliza nikajisifu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Jirani yangu, tunayemwita Muzee wa Reli, alikuwa amekwenda sokoni na Mama Kasai wa nyumba ya mbele, akaniachia sufuria yake ya maharagi niitazame. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona nguo barazani kwangu, na ingawa nyumba yangu na ya Muzee zinagawana ukuta mmoja, kufika kwake lazima nitoke, nizunguke ua wote, nipite avenyu, niingie kwa mlango wake wa mbele. Safari hiyo hunichosha. Basi nikifika natafuta kazi ya kuhalalisha safari, na siku hiyo niliona vumbi.

Sebuleni kwake kuna meza, na juu ya meza kompyuta ya kuchezea michezo ya zamani. Kuna maneti nne, vile vidude vya kushika kwa mikono miwili, kila moja na waya wake. Waya wa kwanza ulikuwa na fundo moja karibu na kichwa cha kuchomekea, wa pili mafundo mawili, wa tatu matatu, wa nne manne. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mafundo yanajipanga hivyo. Mimi nilisema moyoni: uzee huu, hata kukunja waya kunamshinda. Nikafungua yote, nikapangusa, nikaviringa nyaya vizuri kama tepu yangu ya kupimia, kisha nikazichomeka popote palipokuwa na tundu. Kompyuta ikauliza maswali kwa Kifaransa. Nikajibu ndiyo kwa kila swali, kama bwana arusi.

Maharagi nayo yaliungua.

Sijui kama katika mji wote wa Kindu kuna aliyewahi kuharibu mambo mengi hivyo kwa kitambaa kimoja. Binti wa pekee wa Muzee anaishi Lubumbashi. Kwa miaka miwili alikuwa akimwambia kwenye simu aache nyumba hii akakae kwake, kwa sababu anaishi peke yake, anajigonga kwenye viti, na macho yake hayaeleweki. Kwa miaka miwili Muzee alijibu kwamba macho yake hayana neno. Mwishowe wakawekeana sharti. Nilisikia lote kupitia ukutani, maana Muzee huzungumza kwenye simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. Binti angekuja na gari la moshi la Jumamosi. Wangecheza pambano moja la ngumi kwenye mashini, ule mchezo waliocheza tangu miaka ya vita. Baba akishinda, anabaki hapa mtaani kwetu Mikelenge na hakuna atakayefungua tena mdomo juu ya jambo hilo. Akishindwa, anafunga begi na kupanda gari.

Pambano hilo ndilo lililoshikilia nyumba yake. Na mimi nilikuwa nimepita hapo na kitambaa.

Kazi yake maisha yote ilikuwa kugeuza njia. Gari likija, anasukuma mkono wa chuma, vyuma vinasogea, gari linakwenda huku badala ya kule. Aliwapeleka watu wa mji huu Kibombo, Kongolo, mpaka Lubumbashi, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda gari kuvuka kituo cha pili. Nilimuuliza sababu.

"Nikipanda, nani atageuza?"

"Lakini Muzee, ulishaacha kazi."

"Sasa njo mubaya zaidi. Bale banageuza leo, miye sibajue."

Basi huyo ndiye mtu mwenye kofia ya reli kichwani asubuhi hadi jioni, anayetetea gari la moshi kuliko anavyoitetea dini yake, na ambaye ukimtajia tiketi anaumwa tumbo. Misa ya saa moja anafika saa mbili kasorobo, lakini mgeni akichelewa kwake dakika tano anamhesabia. Anakataa chumvi nyumbani kwake kwa sababu ya presha, kisha anakuja kula kwangu, analalamika sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo nimeutumia kuvuta pumzi ndefu.

Vita vilipokata reli, gari halikufika tena. Yeye aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi na kikopo cha mafuta ya mawese, mafuta ya mashini yakiwa yameisha, kupaka vyuma vyake. Mama Kasai alimpigia kelele barabarani: "Papa, watu banatafuta mafuta ya kula, weye unalishia chuma!" Alijibu kwamba siku gari litakapokuja, halitauliza kama watu walikuwa na njaa, litauliza kama njia inageuka.

Saa nne alirudi nyumbani, na hapo ndipo sisi watoto wa avenyu tulimngoja. Abiria mmoja aliyekwama stesheni alimwachia televisheni ndogo, mchezo wa kuunganisha kwenye televisheni, na maneti mbili. Muzee alivifunga kwenye betri ya lori, iliyochajiwa kwenye jenereta ya parokia. Mama zetu walitutaka ndani, kwa sababu wenye silaha walikuwa wanachukua watoto barabarani kuwabebesha mizigo, na wengine hawakurudi. Muzee hakusema kwamba anatulinda. Alisema anatufundisha nidhamu. Tulikuwa sita: binti yake, ambaye alikuwa mkubwa wetu na sote tulimwita Yaya, ndiyo kusema dada mkubwa, mimi na dada yangu, na watoto watatu wa Mama Kasai.

Nidhamu yenyewe ilikuwa kijiti. Kwenye reli ya njia moja, alitueleza, dereva hatoki stesheni mpaka akabidhiwe kijiti mkononi. Kijiti ni kimoja tu, basi magari mawili hayawezi kukutana uso kwa uso. Akachonga chake cha mti mgumu, urefu wa kiganja na nusu, akakichoma alama kwa msumari wa moto. Sheria ikawa: asiye na kijiti hagusi maneti, hachomeki, hachomoi, hata kama nyumba inaungua. Ukimaliza zamu, unasimama, unampa mwenzako kwa mkono wa kulia, unasema "njia iko wazi." Ukisahau kusema, unarudi mwisho wa mstari.

Siku moja askari mwenye bunduki alisukuma mlango. Sisi tukawa mawe. Alitazama televisheni, akatazama ngumi zinazorushwa, akanyoosha mkono kwa dada yangu achukue maneti.

"Hapana," Muzee akasema. "Uko na kijiti?"

Mtu ana bunduki, yeye anamuuliza kijiti.

"Kijiti gani?" askari akauliza.

"Iko ku mukono ya ule mutoto. Weye uko wa saba. Ikala chini."

Na yule askari akaikala chini! Aliegemeza bunduki ukutani, akangoja watoto sita wamalize zamu zao, akakabidhiwa kijiti kwa mkono wa kulia, akapigana na Yaya, akaangushwa raundi ya pili. Alisimama, akampa kijiti mtoto wa Mama Kasai, akasema kwa sauti ndogo, "Njia iko wazi," akachukua bunduki yake akaenda. Alirudi mara tatu, kila mara mwisho wa mstari. Hakuna aliyechukuliwa kutoka nyumba ile. Mama yangu alikuja kumshukuru Muzee kwa machozi. Muzee akamlalamikia kwamba mimi husahau kutumia mkono wa kulia.

Kompyuta ilikuja baadaye sana. Ofisi moja ya wageni ilifungwa, ikagawa vitu, na kijana wa sokoni akamwekea ndani michezo yote ya zamani, ule wa ngumi ukiwemo. Maneti mpya alinunua moja moja, kila pesa ya pensheni ilipojitokeza. Kwenye katoni iliandikwa kwamba hazihitaji matayarisho yoyote: chomeka, cheza. Sijawahi kuona uongo kama huo umechapishwa kwa rangi nzuri hivyo. Kwa nje zote nne zinafanana kama watoto mapacha. Kwa ndani kila moja ina akili yake. Kwenye moja, kitufe namba moja kiko juu. Kwenye nyingine, kiko chini. Ya nne ina mpini mdogo wa kidole uliolegea, kwa hiyo bondia wako anatembea peke yake kuelekea kona kama mlevi anayerudi kwake. Kompyuta lazima ifundishwe kila maneti na vitufe vyake, halafu inakumbuka kwa tundu: ukibadilisha tundu, mchezaji wa kwanza anakuwa wa tatu, na anayebonyeza ngumi anaona mwenzake anaruka.

Kila mashini ilipohitaji kufundishwa, Muzee aligonga ukuta mara tatu kwa kijiti. Nami naacha cherehani, nazunguka ua, napita avenyu, naingia nikihema.

"Diplome," aliniita hivyo tangu nilipopata diploma yangu ya sekondari nilipojaribu mara ya pili, "soma. Weye njo ulisoma Kifaransa."

Nasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo: juu, chini, kushoto, kulia. Yeye anabonyeza. Nikisoma polepole ananigonga goti, nikisoma haraka ananigonga pia. Kwa miaka minne niliamini kwamba anapenda Kifaransa changu. Nilikuwa hata nikikaza ulimi kidogo.

Sasa turudi Jumatano. Muzee aliingia na kikapu, akanusa maharagi. Akaenda mezani, akapapasa waya wa kwanza. Akapapasa wa pili. Mikono yake ikatembea juu ya nyaya zote nne, mara mbili.

"Nani alipita hapa?"

"Njo miye, Muzee. Nilisafisha."

"Ulikuwa na kijiti?"

"Hapana, Muzee."

"Ulikuwa na nini?"

"Kitambaa."

Akaketi. Akavua kofia, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata kanisani bila kusukumwa. "Mafundo yote ulifungula?"

"Yote."

"Miye nilikuwa nasema nitakufa na malaria," akasema. "Kumbe nitakufa na jirani."

Tulifanya kazi mchana wote. Nilichomeka, nilisoma, alibonyeza. Mashini ilikataa. Tukaanza upya. Nikibonyeza mimi, nilishikilia kitufe muda mrefu mno, na kompyuta ikahesabu kitufe kimoja kuwa juu na chini pamoja.

"Hii haiko cherehani yako! Guza, acha. Guza, acha. Sasa weye namuna gani?"

Saa tisa nikataka kujua kama maneti niliyoshika ni ya mchezaji wa kwanza. Nikasogeza bondia. "Muzee, nani anatembea? Mwekundu ama wa bluu?"

"Wa kushoto."

"Ndiyo, lakini rangi gani?"

"Nimesema wa kushoto. Nasikia miguu yake ku haut-parleur ya kushoto."

Nilimtazama. Uso wake haukuwa kwenye kioo. Alikuwa amegeuza sikio kwa kile kipaza sauti kidogo cha kushoto, shingo imepinda, kama mtu anayesikiliza gari kwa mbali.

"Muzee, unaona hii rangi?"

"Bonyeza chini, Diplome."

"Muzee."

"Mashini inaandika nini? Iliandika chini? Basi bonyeza chini!"

Nikabonyeza chini. Ilichukua muda huo wote, miaka minne na mafundo kumi, mtu mwenye diploma kuelewa. Mafundo yalikuwa ya vidole. Kifaransa changu kilikuwa cha masikio. Alihitaji kuwa mchezaji wa kwanza kwa sababu bondia wa kwanza husikika kushoto, na sauti ile ndiyo aliyoifundisha mikono yake.

"Ukiambia mutoto yangu," akasema bila kugeuka, "nitatoa ushuhuda ku avenyu nzima kama ulirudia mutihani."

Tukafunga mafundo upya. Mimi nafunga, yeye anapapasa, anakataa. "Hii ni fundo ya mushonaji. Inateleza. Funga ya mutu wa reli." Mafundo kumi yalinigharimu kucha mbili. Usiku ulipoingia maneti tatu zilikuwa zimekubali. Ya nne, ile ya mlevi, tuliiacha. Pambano ni la watu wawili.

Gari la Jumamosi lilifika Jumanne. "Haikuchelewa," Muzee akamwambia kila aliyeuliza. "Ilingoja njia." Yaya alishuka amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amebeba zawadi, na jambo la kwanza alilofanya ni kumtazama babaye machoni kwa muda mrefu. Muzee alimtazama pia, karibu na sikio.

Siku iliyofuata, saa kumi, tukakaa sebuleni: wao wawili mbele, Mama Kasai kwenye benchi na ungo wake wa karanga, mimi karibu na meza. Muzee alitoa kijiti mfukoni akakinyoosha hewani.

"Diplome. Leo weye njo utachomeka."

Tangu nizaliwe hajawahi kunipa kijiti cha kuchomeka. Nilikipokea kwa mkono wa kulia. Nikaingia chini ya meza kwa magoti, nikahesabu fundo moja, nikachomeka. Mafundo mawili, nikachomeka. Nikasema njia iko wazi. Nilipoinuka nikajigonga kichwa kwenye meza, wakacheka wote, na sikufikiri tena juu ya hilo.

Ningepaswa kufikiri.

Yaya alikuwa bado hodari. Raundi ya kwanza alimkimbiza babaye mpaka kwenye kamba. "Papa, anza kufunga begi!"

"Ongea, ongea. Mudomo haipigane."

Raundi ya pili ikaanza, kengele ikalia, mabondia wakasogeleana, na kioo kikawa cheusi. Kule kujigonga kwangu kichwa kulikuwa kumelegeza waya wa picha. Picha ilitoka, sauti ilibaki. Miguu ilisikika, pumzi zilisikika. Yaya aliacha kubonyeza, akafungua mdomo aseme kitu.

Muzee aliendelea.

Alikuwa ameinama kushoto, sikio mbele, vidole vinakwenda. Guza, acha. Guza, acha. Ngumi zililia moja baada ya nyingine kwenye giza lile. Yaya alishusha maneti mapajani polepole. Mama Kasai aliacha kupepeta. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwenye ule waya, na ningeweza kuusukuma kidogo tu, lakini mikono yangu ilikataa, na kusema kweli sikuwa na kijiti. Mashini ikahesabu kwa Kifaransa mpaka kumi. Kengele.

"Umeshindwa!" Muzee akarusha mikono juu. "Nilikuambia! Utarudi peke yako, na begi yako ile ile!"

Hata ungo wa Mama Kasai haukusikika. Muzee akashusha mikono kidogo kidogo.

"Papa," Yaya akasema, "kioo ilizima. Tangu mwanzo ya raundi."

Muzee alitafuta kofia kwa mkono, akaikuta kichwani.

"Ilizima kwa nani?"

"Kwa sisi wote, Papa."

"Basi tulikuwa sawa sawa," akasema. "Na nilikushinda."

Yaya alicheka, kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Alimshika babaye mikono yote miwili. "Hauoni hata kidogo?"

"Mulango naiona. Kama kuko jua."

"Na weye ulijua?" Alinigeukia. Nikatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa safi, kama kawaida. "Sharti ni sharti," akaendelea, "nilisema mwenyewe, siwezi kulirudisha. Lakini nitaenda namuna gani? Nani atamusomea dawa zake? Nani ataangalia moto? Jana alikuwa anataka kutia sabuni ku sombe!"

Macho yote yakaja kwangu. Hapo nikaanza kueleza, na nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyesoma. Nikasema moyo wangu unapenda. Nikasema lakini kuna kazi, nguo za watu, na kwamba tatizo si Muzee bali njia yenyewe: kutoka, kuzunguka ua, kupita avenyu, kuingia, kutwa mara tano, mara sita, mvua ikinyesha je, na mimi si mtu wa kutembea-tembea, kila mtu anajua. Muzee akaingilia kwamba yeye hakuomba mtu, na hasa hakumwomba mtu mwenye kitambaa. Nikamjibu. Akanijibu. Yaya akatuambia tunyamaze, nasi hatukunyamaza.

Mama Kasai aliweka ungo chini. Akaenda mpaka kwenye ukuta wetu, ule ninaosikilizia simu, ule anaonigongea kijiti, akaupiga makofi mawili kama mtu anayepima tikiti maji, akatugeukia.

"Huyu hataki kutoka Kindu, na huyu hataki kutoka ku nyumba. Mutoboe mulango hapa, mutuache tupumuzike."